Kikombe cha Ridhwani

Wewe unayekunja mdomo hapo, ukunjue kwanza. Unasema mtu mzima hawezi kuangushwa na kicheko. Umekaa wapi wewe, hata uwajue watu wote huangushwa na nini? Nenda Kamembe, uulizie benchi la Mukankusi, yule bibi muuza kahawa. Liko chini ya mabati ya nyumba yake, na wanaolikalia hawana haya ya kueleza wasichokijua. Sheria yake ni moja: anayesinzia hupinduliwa kikombe, na aliyepinduliwa kikombe hana neno mpaka kesho. Mukankusi ndiye aliyekuwa akipindua, kwa mkono wake mwenyewe. Kikombe alichokizoea kuliko vyote kilikuwa cha Ridhwani, fundi cherehani wa mlango wa pili.

Alasiri moja Nasiri, kaka yake Ridhwani, alikuja na kamba mpya, akaiweka mapajani. Alikuwa amepanga kumpeleka mdogo wake Bweyeye, kwa mzee mmoja anayefunga wagonjwa kwenye nguzo mpaka pepo achoke. Pikipiki ilikuwa njiani. Alichotaka ni benchi liseme ndiyo, ili lawama isiwe yake peke yake.

Ladislas, wanayemwita Kizibo kwa ufupi wake, alikuwa akisimulia kisa cha padri na bata, alichorudi nacho kutoka Bukavu. Ridhwani akacheka. Taya likamlegea, shingo ikalala, magoti yakakunjika, akateremka chini polepole kama kanzu iliyochomoka kwenye msumari.

Mukankusi akakipindua kikombe.

— Munaona? Nasiri akasema. Kila siku hivi. Nimechoka.

— Iko najifanya, akasema Kizibo kwa Kiswahili cha Bukavu. Muntu akichoka kazi, anaanguka.

— Hapana, Papa. Ni gazi.

Huyo ni Protais. Wanamwita Redio, ila redio ina kitufe cha kuizima.

— Ziwa lina gazi chini, gesi ile ya umeme, Redio akaendelea. Cherehani yake inatazama ziwa. Anameza gazi kutwa nzima.

— Na mlango wako unatazama wapi, Mukankusi akamuuliza, mbona hulali tukapumzika?

— Basi kama si kujifanya, ni mwanamke, akasema Kizibo. Yule wa majini. Ameshamuoa, anamuita mchana. Wana batoto kule chini.

— Bangapi? Mukankusi akauliza.

— Batatu.

— Umebahesabu?

— Gazi na huyo mwanamke wanaweza kufanya kazi pamoja, Redio akasema, na uso wake haukuwa na mzaha.

Nasiri akaikunja kamba.

— Maman Mukankusi, neno lako ndilo ninalongoja.

Mukankusi akamtazama aliyelala miguuni pake, macho nusu yamefumba, mate yamemtoka pembeni.

— Mpeleke, akasema. Akifungwa, angalau hataanguka.

Hapo akaingia mwanamke ameshika gauni jeupe, amelinyanyua juu. Alikuwa Vénantie, nesi anayekaa Gihundwe.

— Fundi wenu yuko wapi? Ameshona shingo yote ikaziba. Kichwa changu kipite wapi?

Akamuona chini. Gauni akaliweka kando, akachuchumaa, akamshika mkono.

— Imeanzaje?

— Amecheka, akasema Nasiri.

— Huwa anaanguka akicheka?

— Akicheka, au akifurahi sana.

— Na akiwa hivi, anasikia?

Miaka miwili benchi lilikuwa limesema juu ya kichwa cha mtu huyo, na hakuna aliyewahi kumuuliza hilo.

Vidole vya Ridhwani vikacheza. Akameza mate.

— Nasikia, akasema. Nasikia yote. Mwili ndio unaokataa.

Akajiinua, akaegemea ukuta.

— Papa Kizibo, Jumanne ulisema nichomwe kijinga cha moto ijulikane kama najifanya. Na wewe, Maman, siku ya Idi ulisema mama yangu alipata bahati kufa kabla ya kuona haya. Nilitaka kukujibu. Mdomo haukunitii.

Mukankusi, mwenye neno kwa kila mtu wa mtaa huo, akashika kitambaa akafuta birika lililokuwa safi.

— Ni nini basi? Nasiri akauliza, sauti imepungua.

— Mimi si daktari, Vénantie akasema. Lakini niliwahi kumuona mwingine. Chini ya ubongo, katikati, kuna sehemu ndogo, haipiti punje ya haragwe kubwa. Ndani yake kuna chembe hai zinazouamsha ubongo na kuushikilia usilale. Kuna watu chembe hizo huwafia. Usingizi unawaingia mchana bila hodi, mkono unaendelea kushona na mtu hayupo. Na ule ulegevu unaotushika sote tukiota, tusiinuke tukapigana na ndoto, wao unawashika wakiwa macho, wakicheka tu.

— Zikifa zinarudi? Redio akauliza.

— Hazirudi. Apimwe. Kuna dawa za kumsaidia, na vipindi vya kulala vya kupangwa. Kamba haimo. Kesho asubuhi mleteni hospitali.

Pikipiki ikapiga honi barabarani. Nasiri akaitazama kamba kama vile mtu mwingine ndiye aliyemwekea mapajani.

— Sasa hii?

— Lete, Mukankusi akasema. Mbuzi wangu ana shingo. Na huyo wa pikipiki mwambie arudi zake.

Macho ya Ridhwani yalikuwa yakifumba tena, safari hii kwa usingizi wenyewe. Mukankusi akamshika kwapa, akamuingiza ndani, akamlaza mkekani. Akarudi nje kuchukua kikombe cha fundi, akakigeuza, akakijaza kahawa mpaka ukingoni, akakiweka karibu na kichwa chake. Hakumuomba radhi. Alikuwa hajui inavyofanywa.

Akasimama kidogo pale gizani. Sauti za benchi ziliingia wazi, neno kwa neno:

— Lakini gazi nayo, Redio alikuwa akisema, hatujaitoa.

— Na ule mwanamke, akasema Kizibo.

Mukankusi akatoka, akafunga mlango.