Ukurasa wa Mia na Kumi na Tatu

Benchi la Hemed lilikuwa mtaa wa Ngara, ubavuni mwa duka la vitambaa, mguu wake mmoja ukiegemea tofali. Hemed, mtu wa Lamu, aliuza kahawa chungu katika vikombe vidogo, na njugu za kuchoma alizifunga kwa karatasi kuukuu alizonunua kwa ratili. Mwaka huo wa 1971 aliangukia gunia zima la vitabu vya Kimarekani, vimechanika, havina majalada wala mpangilio. Basi mnywaji akishamaliza njugu huisoma karatasi, akampa jirani yake, na baada ya miezi minne benchi lile likajiona linaijua Marekani kuliko Wamarekani wenyewe. Selpher, mpiga taipu wa ofisi ya pili kutoka hapo, mara nyingi hakuwa na moyo wa kuwapinga.

Jioni moja Selpher alifika benchini; kesho yake saa tatu asubuhi angekaa mbele ya wasaili watatu mtaani Hurlingham. Nafasi ya ufadhili ilikuwa moja: miaka miwili chuoni Ohio, kusoma utamaduni wa Marekani kwa njia ya historia na fasihi yake. Roho ilikuwa juu juu tangu Jumatatu, na baba yake kule Gem hakuwa amejibu barua aliyomwandikia kuhusu safari hiyo.

— Nyar Gem, binti wa kwetu, keti hapa katikati, alisema Ogutu, fundi viatu wa kwao, aliyeitwa Senata kwa sababu hakuwahi kukubali kushindwa. Leo sisi ndio wazungu. Swali ya kwanza: rais wao wa tatu alikuwa nani?

Kabla Selpher hajafungua mdomo, Ogutu alijijibu mwenyewe.

— Jona! Yule wa nyumbu.

— Lakini mzee, alisema Selpher, Jona ni mkulima tu.

— *Alikuwa* mkulima! Karatasi ya arobaini na mbili anauza nyumbu yake sokoni. Arobaini na tatu, ameweka mkono juu ya Biblia anaapishwa. Unataka ushahidi gani ingine?

Selpher akazichukua karatasi zote mbili. Kazi yake ilikuwa herufi, na jicho halikumdanganya.

— Hivi ni vitabu viwili. Ona, herufi za hapa nene, za hapa nyembamba. Hiki ni cha hadithi, na hiki cha historia.

— Si mashini ilibadilishwa tu? Kwani kwa ofisi yenu hambadilishi?

Zachariah, tarishi wa wakili mmoja, ambaye wote walimwita Gazeti, hakutaka kupitwa.

— Mimi nawaambia hata ile vita yao ya Kaskazini na Kusini ililetwa na huyo nyumbu. Aliuzwa Kusini, usiku akatoroka, akarudi kwao Kaskazini. Wa Kusini wakakuja kumchukua. Hapo ndio bunduki ikalia.

— Na ile chai walimwaga baharini? aliuliza mnywaji mmoja.

— Hiyo iko wazi, bwana! Mwingereza aliwaletea strungi. Maziwa hakuna! Hata mimi ningemwaga.

— Ungemwaga na kikombe yake!

— Na sahani!

— Kahawa yangu nayo haina maziwa, alisema Hemed akilishika dele la kahawa lisimponyoke kwa kucheka, na sijaona mkiimwaga.

Selpher alicheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akaikumbuka kesho, na kicheko kikamkauka. Akatoa kwenye mkoba jibu aliloliandalia wasaili, mistari kumi na minne iliyopigwa taipu bila kosa hata moja, akasoma kwa sauti:

— Nataka kusoma utamaduni wa Marekani ili nichangie maendeleo ya taifa letu changa...

— Hapo umewamaliza! Ogutu akapiga makofi.

Nyuma ya jiko alikaa Mabruka, dada mkubwa wa Hemed, aliyefika jana kutoka Lamu. Alikuwa akichambua njugu na kusikiliza.

— Mwanangu, hayo ni maneno ya serikali. Wewe mwenyewe wataka nini huko?

Miezi minne benchi lilikuwa limeichambua Marekani, na hilo hakuna aliyewahi kuliuliza. Selpher aliitazama mistari yake kumi na minne, akaona hakuna hata mmoja ulio wake.

Mkono ukarudi mkobani wenyewe. Ukatoka na karatasi moja iliyokunjwa mara nne, ina mafuta ya njugu.

— Kuna msichana, alisema polepole. Lidia. Yuko stesheni na sanduku lake, treni imeingia. Baba yake anamwita kwa nyuma. Ameweka mguu mmoja juu ya ngazi, na hapo ukurasa unaisha. Mia na kumi na mbili.

— Na unaofuata? aliuliza Mabruka.

— Haukuja. Nimekula njugu mpaka njugu zimenichosha. Mama, mimi nataka kujua kama alipanda.

Akaikunja tena karatasi yake.

— Hayo kawaambie, alisema Mabruka, akarudia njugu zake.

Hemed akaipokea ile mistari kumi na minne, akaizungusha, akaijaza njugu, akampa Gazeti, naye akaanza kuisoma.

— Nyar Gem, alisema Ogutu kwa sauti ndogo, hiyo karatasi ni mimi nilikupa. Nilisoma kwanza. Ukifika huko, tutumie hiyo ya mia na kumi na tatu. Moja tu.

Bahasha ilifika Novemba, ina muhuri wa posta ya Ohio. Ndani mlikuwa na ukurasa mmoja uliopigwa taipu bila kosa. Ogutu aliusoma amesimama juu ya benchi.

— Alipanda! akapiga kelele, na Ngara nzima ikageuka. Alipanda, jamani!

Walikumbatiana kama watu waliopata mtoto. Hemed akamimina kahawa hadi tone la mwisho.

— Na babake je? aliuliza Mabruka.

Ogutu akaugeuza ukurasa. Nyuma ulikuwa mweupe.

— Gazeti, alisema akishuka, leta kalamu tumuulize Nyar Gem.