Fagia Hadi Mstari wa Kati

Mambo yalianza Jumamosi, tarehe 14 Juni 1997, saa kumi na nusu alasiri, Eveline alipokuwa akishona mdomo wa gunia la mwisho la mpunga kando ya uwanja wa saruji ulio nyuma ya nyumba yao, Lipangalala. Mama yake, Restituta, alitokea mlango wa nyuma akajifuta mikono kwa kanga.

"Baba yenu anawaita," alisema. "Wote watatu. Tena anasema msiingie kwa zamu."

Eveline aliyaelewa maneno hayo ya mwisho. Kaka yake Sylvanus, mfanyabiashara wa mpunga, na mdogo wao Beno, mchezaji wa mpira wa kikapu kama baba yake, walikuwa hawajasemezana tangu mavuno ya mwaka uliopita. Ugomvi ulikuwa juu ya uwanja huo huo. Baba yao aliujenga kwa ajili ya mpira, lakini sakafu pana namna ile, Ifakara, haiwezi kukosa mpunga juu yake. Siku moja Beno na wenzake walikuwa na mechi na vijana wa kiwanda cha sukari, wakakuta mpunga wa Sylvanus umeanikwa. Wakaufagia, wakaurundika ardhini, wakacheza. Mvua isiyo ya msimu ikanyesha, mpunga ukachipua. Tangu siku hiyo Sylvanus hakumtaja mdogo wake kwa jina, na Beno hakumwamkia kaka yake. Kila aliporudi likizo kutoka chuo kikuu, Eveline ndiye aliyeanua mpunga wa mmoja na kufagia uwanja kwa ajili ya mwingine, hata punje iliyojificha kwenye ufa, ili wale wawili wasikutane.

Mzee Donati alilazwa karibu na dirisha linalotazama uwanjani. Padre alikuwa amempaka mafuta matakatifu asubuhi. Kitanda kilikuwa kifupi kwake, kama vitanda vyote alivyowahi kulalia, kwa hiyo Restituta alikuwa ameweka kigoda na mto mwishoni ili miguu ipumzike. Sylvanus alikaa karibu na mlango. Beno alisimama dirishani.

"Eve, mwambie huyo asogee, anamzibia baba hewa," Sylvanus alisema.

"Dada, mwambie mwenye duka la hewa kwamba dirisha ni la baba," Beno akajibu.

Eveline alifungua mdomo ili afikishe ujumbe, maana alishazoea. Baba yao akainua mkono, ule mkono uliokuwa ukiushika mpira kutoka juu kama mtu anayeokota chungwa.

"Hiyo pasi usiipeleke, mama," alimwambia. "Kaa chini. Na wewe Beno, kaa."

Wakakaa. Akavuta pumzi, akaanza.

"Sikilizeni, wanangu, maana pumzi iliyobaki ni ya dakika za mwisho, na kwenye benchi langu hakuna wa kuingia badala yangu. Nimecheza mpira kwa mshahara, nimevaa jezi yenye jina langu mgongoni, nimepigiwa makofi na watu ambao hata kunisalimia hawakuweza kwa sababu lugha yangu hawakuijua, na watu wa hapa husema Donati alifanikiwa kwa sababu ya urefu. Urefu sikuutolea jasho. Urefu nilipewa na ukoo wa mama yangu kama mtu anavyopewa pua. Nilichokitolea jasho nilifundishwa juu ya dungu, kile kichanja cha kuamia ndege, ng'ambo ya mto Lumemo, nikiwa bado sijui kwamba duniani kuna mpira unaotupwa kwenye kikapu.

Bibi yenu Verediana alikuwa mjane, na shamba lake la mpunga lilikuwa na madungu manne. Mpunga ulipoanza kujaa maziwa, kila mmoja wetu alipanda dungu lake na kamba zake za makopo, tukaamia ndege kuanzia alfajiri. Asubuhi moja kweleakwelea walishuka kama moshi upande wa shangazi yenu Yosefina, naye alikuwa mdogo, akalia, 'Kaka, wamenishukia.' Nikaweka mguu kwenye ngazi. Mama akapaza sauti kutoka kwake, 'Donati, ukishuka hapo utamfukuzia mwenzako ndege uwakaribishe kwako. Tikisa makopo yako.' Nikabaki juu, moyo unaniuma kama jipu, nikatikisa makopo mpaka viganja vikachubuka. Yosefina alipoona hakuna anayekuja, akatoa sauti ambayo hata yeye hakujua kwamba anayo. Ndege wakainuka wote. Sauti hiyo hiyo ndiyo anayoongozea kwaya ya parokia mpaka leo. Ningeshuka siku ile, angekuwa mtu wa kunong'ona maisha yake yote.

Ndiyo maana kiwanda cha sukari kiliponichukua nikachezee timu yao, sikupata tabu. Tulikuwa watu wa mikoa yote, Wahehe, Wanyakyusa, Wasukuma, wa msikitini na wa kanisani, na mwezi wa Ramadhani hakuna aliyebeba chupa ya maji mkobani. Hakuna aliyetukataza. Tulikuwa tunatoka mazoezini midomo imekauka sote, tunangoja jua lizame pamoja na wenzetu. Timu nyingine zilikuwa na wachezaji bora kuliko sisi, na tulizifunga. Kisha nikaenda Misri, misimu minne, na kocha wetu alifoka kwa Kiarabu kuanzia kuingia mpaka kutoka, lakini kidole chake nilikielewa: pale, kaa pale. Nikamkumbuka mama. Nikakaa pale. Kazi yangu ilikuwa kutoa pasi ya mwisho, wengine wafunge. Siku tulipochukua kombe, gazeti lilitoa picha ya mfungaji, nami nilionekana pembeni, mikono tu, mwili wote umekatwa. Nikaituma nyumbani. Mama yenu akaibandika ukutani akawaambia majirani, 'Mikono hii naijua.' Hakuna kombe lililonipa heshima kuliko maneno hayo."

Restituta alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango. Pazia lilitikisika kidogo.

"Na msidhani mimi ndiye mchezaji wa nyumba hii. Mimi nilikuwa na wenzangu uwanjani, na nikichoka naitwa benchini, napewa taulo. Mama yenu alilima, akazaa, akauguza, akawapeleka shule, na hakuwa na mchezaji wa akiba hata mmoja. Kwa hiyo nyumba ni yake. Asihamishwe chumba, asiulizwe ufunguo. Shamba la ng'ambo ya Lumemo mlime watatu, Sylvanus upande wa juu, Eveline katikati, Beno chini. Mfereji ni mmoja. Mtasemezana mpende msipende. Baiskeli apewe Yosefina. Viatu vyangu vya Misri msivigombanie, havimtoshi mtu.

Lipo deni. Mzee Gosbert alikuja kutuvunia mwaka juzi nilipoanza kuugua, yeye na watoto wake, mpaka shamba likaisha, na hatujampelekea mkono. Mpunga wake umeiva sasa. Nendeni mkavune, msimpelekee soda.

Na Faustino wa Malinyi, mwenzangu wa timu ya kiwanda. Alisema mbele ya watu kwamba nimewauzia Waarabu miguu yangu, na mimi nikasema asikanyage kwangu. Tumezeeka na maneno hayo. Lakini nilipokuwa nikikimbia na mpira sikuhitaji kutazama kulia, kwa sababu Faustino alikuwa kulia, kila mara, kama mkono wa pili. Mpelekeeni habari. Abebe jeneza upande wa kulia. Na jeneza liwe refu, msinikunje; nimekunjwa kwenye mabasi inatosha."

Beno alicheka, kisha akashika pua. Sylvanus alitazama sakafu, na Eveline akaona kwamba naye alikuwa akijizuia.

Sauti ya Mzee Donati ilianza kukwaruza. Eveline alinyanyua kikombe cha maji. Baba akanywa kidogo, akakisukuma.

"Sasa uwanja. Uwanja siugawi. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Mimi nimekaa dirishani hapa mwaka mzima na jembe langu na kapu langu, sijui nishike lipi. Sylvanus, wewe ni mzaliwa wangu wa kwanza, na nakusifu, hujawahi kumpunja mkulima, watu wa Mngeta wanapita maghala mengine wanakuja kwako. Lakini mpunga ulioharibika ulikuwa wa siku moja, na wewe umeuanika mwaka mzima. Beno, una mikono mizuri kuliko yangu, nakwambia leo kwa sababu kesho huenda nisiwepo. Mikono hiyo ilitupa chakula ardhini. Mchezaji anayedharau chakula cha nduguye atacheza peke yake, na peke yake hakuna mchezo, kuna mtu anayedundadunda mpira tu.

Na wewe, Eveline."

Nje, kuku walikuwa wakiparua kando ya magunia.

"Wewe ndiye ninayekuogopea. Hawa wana hasira, na hasira huisha. Wewe una wema usiopumzika. Unaanua, unafagia, unabeba maneno, huyu akisema unampelekea yule, na unafanya vizuri mno, mama, sijaona sakafu safi namna ile hata Kairo. Mwaka mzima hawa hawajahitaji kukutana, kwa sababu wewe unashuka dunguni kila ndege wakilia. Umewasaidia wasipatane."

Eveline alihisi uso ukiwaka. Alitaka kusema kwamba alifanya hivyo kwa ajili yake, ili afe kwa amani, lakini baba yake alikuwa ameshafumba macho, na aliona kwamba anajua.

"Nakukabidhi ufagio," aliendelea, sasa kwa vipande, kila kipande na pumzi yake. "Wewe ndiye mtunzaji wa uwanja. Kesho, kabla ya misa ya kwanza... fagia. Hadi mstari wa kati. Uache hapo. Weka ufagio chini. Usimwite mtu. Usimtume mtu. Wakiuacha, uachwe. Mpunga usianikwe, mpira usichezwe. Hata... hata mkinizika uwanja uko nusu."

"Baba, na wasipokuja?"

"Ndiyo kukaa dunguni, mama."

Akawanyoshea mkono. Wakapiga magoti, wote watatu, na kiganja kile kikubwa kikapita juu ya vichwa vyao, kizito.

"Mungu wa bibi yenu... awape mikono ya kupokea. Na ya kuachia. Asiwaache... mkiwa na kitu mkononi... msijue mwenzenu yuko wapi. Restituta... funga dirisha... hapana. Liache. Nataka kusikia."

Hakusema tena jioni ile.

Jumapili, mwanga ulipoanza kugusa milima ya Udzungwa, Eveline alichukua ufagio wa chelewa akaenda uwanjani. Alifagia kuanzia chini ya kikapu cha upande wa nyumba, taratibu, makapi na vumbi vikitangulia, hadi alipofika mstari wa kati ambao baba yao aliuchora kwa rangi nyeupe. Hapo akasimama. Upande wa pili ulikuwa na makapi ya jana, kinyesi cha kuku na majani. Mikono ilimwasha. Aliulaza ufagio juu ya mstari, akarudi akaketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, na kwa kuwa hakuiamini mikono yake, akaikalia.

Kengele ya kwanza ya kanisa ililia. Hakuna aliyekuja. Beno alitoka na mpira kwapani, akaona ufagio, akamtazama dada yake. Eveline akatazama miguu yake mwenyewe. Kisha mlio wa baiskeli ya Sylvanus ukasikika kando ya nyumba. Alikuja na gunia tupu begani, akasimama upande wa pili wa mstari.

Mikono ya Eveline ilitaka kutoka; akaikalia zaidi.

"Shikamoo, kaka," Beno alisema, akiuambia ufagio.

Sylvanus alikohoa. "Marahaba. Weka mpira chini, uniletee pakacha la taka."

Akainama akachukua ufagio. Alifagia vibaya, kama mtu aliyezoea kufagiliwa, vumbi likirudi miguuni, na Beno akamwambia, "Kaka, unaupaka uchafu poda au unafagia?" na Sylvanus akampa ufagio akasema, "Haya, bingwa, tuone."

Nyuma ya Eveline mlango ulifunguka kidogo. "Amesikia," mama yake alinong'ona. "Amefumbua macho."

Wale wawili walimaliza, wakasimama wakiwa wameridhika. Kwenye kona ya mbali, chini ya nguzo ya kikapu, walikuwa wameacha ukanda mzima wa makapi, mrefu kama mkono, na punje za mpunga zimejaa ndani ya ufa. Eveline aliuona. Aliutazama mpaka kengele ya pili ilipolia, kisha akanyanyuka, akakung'uta gauni, akaenda kanisani.