Mkono Uliozikwa Umekunja Ngumi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Jumanne tulimpoteza Daktari Lemuel Stroud, mzee wa miaka tisini na miwili. Sitampamba. Yeye mwenyewe alikataza.

Alikuwa daktari wa jeshi la Kusini, katika vita vile vya Kusini na Kaskazini. Wengi wenu hapa Tennessee mlipokelewa na mikono yake mlipozaliwa. Hamkumjua siku za msumeno.

Desemba ya mwaka elfu moja mia nane sitini na nne, vijana wetu walichinjwa kwenye kivuko cha Cutler. Mizinga iliwafyeka kama mahindi. Daktari Stroud alikata mikono na miguu siku mbili mfululizo, juu ya mlango uliong'olewa kanisani, damu ikimjaa viatuni. Dawa ya usingizi iliisha asubuhi ya kwanza. Jioni akaletewa shemeji yake, Hosea Pruitt, mkono umesagika.

"Lem, ukinikata nitakuua!"

"Utaniua ukipona, shemeji. Mshikeni!"

Aliyemshika ni Gideon, mtumwa wa daktari. Gideon ndiye aliyezika viungo vyote. Narudia: Gideon peke yake ndiye aliyejua kila kiungo kilizikwa wapi.

Vita vikaisha, Gideon akawa huru. Hosea hakupata nafuu. Mkono usiokuwepo ulimtesa. "Vidole vimekunjwa huko chini," alilia. "Kucha zinanitoboa kiganja!" Wazee wetu wanasema dawa yake ni moja: fukua mkono, nyoosha vidole, uzike upya. Daktari aliwacheka. Lakini siku Hosea alipojitia bastola mdomoni, dada yake, mke wa daktari, akaing'ang'ania mpaka akamnyang'anya, kicheko kilimwisha daktari.

Akapanda farasi kwenda kwa Gideon. Bi Lavinia, binti wa daktari, alinisimulia kama alivyosimuliwa na babake.

"Nionyeshe ulikozika mkono wa Hosea."

"Nawe nionyeshe mwanangu Asa yuko wapi."

Asa alikuwa na miaka mitano daktari alipomuuza kwa mchuuzi wa watu.

"Sijui alikopelekwa, Gideon. Haki ya Mungu, sijui."

"Basi na mimi sijui."

"Atajiua yule!"

"Na mke wangu Dorcas alikufa kwa nini, daktari? Mafua?"

Mlango ukafungwa. Daktari alichimba peke yake kivukoni siku nne, akifumbua kila ngumi aliyoikuta. Siku ya tano mkewe alimjia mbio, gauni limelowa damu ya kaka yake.

Daktari hakumlaumu Gideon hata siku moja. Alianza kuandika barua, kwa makanisa, kwa magazeti, kwa kila mji wa Kusini. Miaka sitini na mbili, wasikilizaji. Gideon alikufa bila jibu. "Ya mwisho aliiandika Jumatatu," anasema Bi Lavinia. "Kalamu ilimponyoka mara tatu, nikawa namrudishia."

Pole sana, Bi Lavinia, na ukoo wote wa Stroud. Na kila nyumba ya hapa iliyowahi kuuza mtoto wa mwenzake, ijiulize usiku wa leo imemtafuta nani.

Barua ya Jumatatu naisoma kama ilivyo:

"Namtafuta Asa. Aliuzwa mwaka hamsini na tisa. Ana kovu la maji ya moto kwenye bega la kushoto. Baba yake aliitwa Gideon, mama yake Dorcas. Walimpenda. Aliyemuuza ni mimi."