Je, Juisi ya Balimbing Inasafisha Figo? Historia ya Marehemu Jerwin Partosa

Padre, Nanay mama yetu, ndugu, majirani na rafiki zetu wa Sibulan, mimi ni Ardith, dada mkubwa wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma historia ya maisha yake, na mkiniona naitupia simu jicho msidhani ni utovu wa adabu, jamani, ninaogopa, na mkinivumilia mtajua ninaogopa nini.

Marehemu Jerwin alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 katika nyumba hii hii, kitinda mimba wa baba yetu, marehemu Tatay Osmundo, fundi wa majokofu, na Nanay Consorcia, huyu aliyekaa karibu na jeneza, na tangu utotoni alikuwa mdadisi wa kuchosha, haachi swali mpaka umpe jibu au umpe kofi. Alianza shule ya msingi hapa Sibulan mwaka 1991, akamaliza sekondari Machi 2001, kisha akaenda chuo mjini Dumaguete, ambako alihitimu masomo ya kompyuta Machi 2005, ada yote ikitoka kwenye masufuria ya budbud, wali wa kunata wa kufungwa kwenye majani ya mgomba, aliouza Nanay.

Mwaka 2006 aliajiriwa kupokea simu za wateja wa ng'ambo, akaacha Agosti 2011 na kuanza kazi iliyomjengea jina, ya kupandisha kurasa za watu mtandaoni ili mtu akitafuta kitu azione za kwanza, kazi ambayo Nanay mpaka leo anaieleza kwamba mwanawe alikuwa anauza maneno, na hakosei sana, maana Jerwin alichunguza kwanza watu huandika maneno gani wanapotafuta, akaandika ukurasa unaojibu maneno hayo hayo, akaomba tovuti nyingine ziwaelekeze wasomaji wao hapo, na kadiri watu walivyoufungua na kutumiana ndivyo ulivyozidi kupanda. Nong Bebot, mwenye nyumba za wageni kule Dauin, naye yupo hapa, alimjia akilia, "Dong, mdogo wangu, nisaidie, hata mbu wamenihama," na kufika Krismasi ya 2012 alikuwa anawarudisha watu mlangoni kwa kukosa vyumba.

Tarehe 8 Juni 2013 alifunga ndoa na Liezl Baldado katika parokia yetu, wakajaliwa Aianna mwaka 2014 na Zion mwaka 2018, na ingawa Liezl alizoea kututania kwamba yeye ameolewa na mgongo, maana uso wa mumewe uko kwenye kompyuta, alikuwa mume mwema na baba wa kukaangia wanawe wali kila asubuhi.

Hapa ndipo wengi walinishauri niruke, wakaniambia, "Manang, dada yetu, marehemu hasemwi, funika tu," lakini Liezl mwenyewe jana alinishika mkono akasema, "Soma yote, Manang, ukiruka hapo utakuwa umeua mwingine," basi nasoma.

Mnamo Septemba 2022 mteja mmoja wa ng'ambo, muuza vidonge vya figo, alimpa Jerwin kazi ya kumletea wasomaji, naye Jerwin, alipoona kwamba watu wengi wa visiwa vyetu wanauliza kama juisi ya balimbing, lile tunda la pembe tano, inasafisha figo, kwa kuwa mti wa tunda hilo uko nyuma ya kila nyumba, akawajibu kwamba inasafisha, tena glasi moja kila asubuhi, bila kumuuliza tabibu yeyote, na ili waamini akabuni daktari, akamwita Daktari Emilio Sarona, akamtengenezea sura ya mzee mwenye miwani, na ukurasa ule ukapanda mpaka juu kabisa, sisi tukachoma nguruwe kushangilia bila kujua umeandikwa nini.

Mwezi Februari 2025 hospitali ilimkuta Jerwin na figo dhaifu, madaktari wakampa dawa na kumwonya asijitibu kwa kitu chochote bila kuwauliza, lakini Liezl, kwa hofu ya ile mashine ya kusafisha damu, aliuliza simu yake, na simu ikamletea Daktari Sarona, wa kwanza kabisa, naye Liezl akachuma balimbing nyuma ya nyumba na kumkamulia mumewe kila asubuhi. Jerwin alimuuliza nani kamwambia, akatajiwa jina, akanywa. Aliniambia baadaye, kitandani hospitalini, "Manang, niliona haya kumwambia mke wangu kwamba daktari anayemwamini ni mimi, nikajisemea ni juisi tu, itanifanya nini?"

Tarehe 11 Mei alishikwa na kwikwi isiyokoma, akaanza kuchanganya majina ya wanawe, na hospitalini daktari alipouliza amekula nini alitueleza kwamba tunda lile lina sumu ambayo mwenye figo dhaifu hawezi kuitoa, inampanda kichwani. Loo, Liezl alianguka palepale! Jerwin, alipopata nafuu kidogo, alimwandikia mteja aufute ukurasa, akajibiwa kwamba ukurasa unaleta watu vizuri, usiguswe, na neno lake la siri la kuuingilia likabadilishwa, akaniomba, "Manang, ushushe ule ukurasa," na tarehe 19 Mei 2025, saa kumi jioni, akafariki dunia.

Sasa sikilizeni, wala siwalaumu, maana hatukujua. Katika mkesha huu kila mmoja wetu aliufungua ukurasa ule kumtazama muuaji, jirani yetu Nang Perla aliusoma kwa sauti kwenye meza ya karata, binamu zetu wa Dubai na Kanada wakausambaza na kuutukana pale chini penye maoni, na wenzake Jerwin wa kazini wanatuambia kwamba mashine ya kutafutia mtandaoni haijui hasira, inahesabu tu kwamba watu wamekuja, basi sisi, tukiwa tunamlilia mtu wetu, tumempandisha Daktari Sarona mpaka katika miji ambako hakuwa anajulikana.

Wenzake wanasema ukurasa hauzami kwa matusi, unazama ukipandwa na mwingine juu yake, kwa hiyo historia hii ninayoisoma wameshaiweka mtandaoni kwa jina halisi la Jerwin, na ndiyo maana imetaja figo na balimbing mara nyingi kuliko inavyofaa mbele ya jeneza. Tumeni hii, nawasihi, na ile msiifungue tena, hata kwa kuonyesha mtu.

Desturi yetu hairuhusu kushukuru katika mkesha, lakini leo tunazika, kwa hiyo familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliotueleza ukweli bila kutudharau, majirani mliopika na kukesha nasi, Padre, na wafanyakazi wenzake Jerwin ambao tangu juzi hawajaondoka kwenye kompyuta zao.

Asubuhi hii Daktari Sarona bado ni wa kwanza. Chini ya ukurasa wake kuna mwanamke wa kisiwa cha Siquijor, hatumjui, ameandika jana, "Asante Daktari, leo nimempa baba yangu glasi ya kwanza," nimemwandikia mara nyingi, nimemwomba kwa jina la Mungu, hajajibu. Lala salama, Dong, mdogo wetu mpendwa, tunakuombea pumziko la amani, na simu yangu nitaingia nayo makaburini ikiwa wazi, mnisamehe, huenda akajibu.