Udongo wa Mahoro na Waya wa Parokia

Benchi la Benadeta muuza kahawa liko chini ya dirisha la ofisi ya parokia, Nyakasimbi, na mchana ule hakuna aliyelikalia kwa raha. Mahoro alikuwa anazikwa Ulaya, alikokwenda kutafuta kazi, na maziko yalitakiwa kuonekana kwenye kompyuta ya ofisini. Majirani walikuwa wameweka majembe chini, kama desturi inavyotaka mpaka marehemu afukiwe, ingawa safari hii kaburi lenyewe lilikuwa mbali. Kaka yake, Hagenimana, alikuwa ametoka nje. Kioo kilikuwa cheusi tangu padri wa kule alipoanza sala, na kukitazama kulimuuma kuliko kukaa bila kukitazama.

Elipidius, ambaye wote humwita Koleo kwa kuwa hamna chombo asichokifungua, alichungulia dirishani.

— Nimechomeka tena waya wa kompyuta. Umelia ta. Ukilia hivyo umeshika.

— Na ule waya wa mwanzo ulikuwa na nini? aliuliza Nestory, Injinia wa kijiwe tangu aunge bomba la kanisa.

— Kichwa chake kimevunjika kile kijiulimi cha plastiki. Mtu akifungua mlango tu, unachomoka. Ndiyo nikatoa huu wa simu ya mezani ya zamani. Kichwa chake ni kidogo, lakini kimeingia tundu lile lile.

— Kidogo kwa nini?

— Huu una nyaya nne. Ule una nane.

Placidius, anayeitwa Wakili, aliweka kikombe chini.

— Hapo ndipo ulipotumaliza, Koleo. Zile nane zimegawana kazi. Nne picha, nne sauti. Haya, picha tumekosa, si tungesikia hata kilio? Mbona hatusikii kilio?

— Labda kule hawalii, alisema Injinia.

Hagenimana aliinamisha kichwa. Mahoro alikuwa mtu wa kulia hata mbuzi akichinjwa. Sasa nani alikuwa anamlilia yeye?

— Si mtumie simu zenu za mkononi, Benadeta alisema.

— Mtandao wenyewe huu wa kupanda kilimani? Wakili alimjibu. Hata salamu haimaliziki.

— Mimi naona hivi, alisema Injinia. Waya wa simu umezoea njia yake. Ile simu ya padri ilikuwa inakwenda Bukoba. Basi picha imeshafika Bukoba, iko kwenye kioo cha ofisi fulani huko. Watu wanapita na mafaili yao, hawajui hata anazikwa nani.

Hakuna aliyecheka. Hagenimana aliiona ile ofisi, na jeneza la mdogo wake peke yake kwenye kioo, na akaiamini kidogo.

— Nyamazeni basi, alisema Benadeta. Mwenye msiba huyu hapa.

— Waache waseme, dada. Wakinyamaza nitasikia kimya cha humo ndani.

Pikipiki ikasimama. Aliyeshuka ni Mukandekezi, mama yake Hagenimana na marehemu, ametoka Isingiro, khanga kiunoni, jani la mgomba lililokunjwa mkononi. Benchi zima likainuka.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu.

Alifungua jani. Ndani mlikuwa na udongo mweusi wa shambani kwake, alioutoa pembeni ya kaburi la baba yao, mahali alipokuwa amemtengea Mahoro. Akaujaza kiganjani.

— Siingii, hiyo mashine siielewi. Niambieni tu. Wameshaanza kumfukia? Nataka nimwage wakati mmoja na wao.

Kule dirishani Koleo aliuchomoa waya, akapuliza kichwa chake. Hagenimana ndiye mkubwa, jibu lilikuwa lake. Alitaka kusema ndiyo, ili mama apumzike. Alitaka kusema bado, ili asiwe amechelewa. Vyote viwili vingekuwa uongo mbele ya udongo ule.

— Mama, hatujui.

Mukandekezi alitikisa kichwa polepole.

— Basi nitaushika mpaka mjue.

Akasimama hivyo, mkono mbele, juu ya ardhi ya Nyakasimbi. Benadeta aliinua birika akakuta kahawa imekwisha. Hagenimana aliweka kiganja chake chini ya kiganja cha mama, ili mkono usichoke. Ndani ya ofisi, kile kichwa cha waya kikalia tena, ta, na hakuna aliyegeuka kutazama dirishani.