Mme Mamokete, Aliyeifikisha Mwendokasi Thabaneng

Tarehe 30 Juni, Mme Mamokete Tlali, mama yetu na mkuu wa mafunzo ya madereva, anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu, na ile ya zamani iliyoitangulia, kwa miaka thelathini na mmoja. Wiki moja baadaye, tawi la pili la mabasi ya mwendokasi linafunguliwa kuingia Thabaneng ya Juu, na madereva wapya watashika usukani bila yeye kusimama nyuma yao. Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike kitu cha kuchangamsha. Nitajitahidi. Ila mimi ndiye ninayeachiwa uwanja wa mafunzo, na tangu nipewe taarifa hiyo wasiwasi hauniachi.

Mme Mamokete alizaliwa Thabaneng, kusini mwa Johannesburg, na hajahama. Alianza kwa kukata tiketi kwenye mabasi ya zamani ya jiji, kisha akaomba kufundishwa udereva wakati ambapo mwanamke kwenye usukani wa basi alikuwa kioja. Abiria mmoja, mwanamume wa makamo mwenye kofia, alipomwona alishuka na kusema atasubiri basi lijalo. Basi lijalo liliharibika njiani. Mme Mamokete akapeleka abiria mjini, akageuza, akarudi, na kumkuta yule bwana amesimama palepale, mvua imemlowesha hadi viatuni. Alimfungulia mlango na kumwambia, kama mtu anavyomwita baba yake, "Karibu tena, ntate." Bwana yule akapanda, akaketi kiti cha mwisho kabisa. Baadaye akawa abiria wake wa kila siku, na Krismasi moja alimletea kuku.

Alipohamia kwenye mwendokasi, alikuwa miongoni mwa wakufunzi wa kwanza. Wengi tunaosoma jarida hili tumepita mikononi mwake. Tunaijua ile namna yake ya kukaa kimya dereva anapokosea, kimya kinachokufanya utamani bora akufokee. Mimi, Kabi Mabitle, niliwahi kumuuliza kama wasiwasi humwisha mtu akishazoea kazi hii. Alinijibu, "Siku tumbo litakapoacha kukuuma, omba kazi ya ofisini."

Lakini kazi atakayokumbukwa kwayo ni ya Thabaneng.

Kwa miaka mingi mabasi yetu yaliishia njia panda ya kiwanda cha matofali. Kutoka hapo mtu wa Thabaneng alibadilisha kombi za abiria mara mbili, au alitembea kando ya barabara isiyo na taa, mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Njia mpya ilipojengwa hatimaye, wenye kombi walikubali kuiachia kwa sharti kwamba madereva wao ishirini na wanane waajiriwe kwenye mabasi, wakifaulu. Waliletwa kwa Mme Mamokete.

Siku ya kwanza walikaa uwanjani wamekunja mikono.

"Mama, umewahi kuendesha kombi?" aliuliza mmoja.

"Hapana."

"Basi utatufundisha nini?"

"Kusimama," alijibu. "Kukimbia mnajua tayari."

Aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote ni Ntate Sefako Motaung, mkubwa wao kwa umri, ambaye hakuna dereva wa Thabaneng asiyemheshimu. "Tulieni, vijana," aliwaambia. "Mama ametufunga bao la kwanza. Tusubiri kipindi cha pili."

Ntate Sefako alikuwa dereva wa kupendeza kutazama. Basi la mwendokasi linatakiwa kusimama likiwa limelala ubavuni mwa jukwaa la kituo, pasiwe na pengo la kumeza mguu wa mtoto. Wengine walihitaji wiki nzima. Yeye siku ya pili alililaza basi kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Alimwita Mme Mamokete "mwalimu mkuu", akimletea magwinya ya moto aliyoyanunua njiani, naye mwalimu akamwambia kwamba maandazi hayaongezi alama. Vijana walipochoka na kutaka kurudi kwenye kombi zao, ni Ntate Sefako aliyewarudisha darasani.

Ndiyo maana Mme Mamokete alipogundua lile jambo, alitamani asingeligundua.

Ilikuwa mchana mweupe. Alikuwa ameniweka mimi, msaidizi wake, upande wa kushoto wa njia ya majaribio, nimeshika koni ya rangi ya chungwa, nijifanye mpita njia anayetaka kuvuka. Ntate Sefako alitakiwa kupunguza mwendo. Hakupunguza. Alinipita huku akimsimulia Mme Mamokete habari za binamu yake wa Maseru. Tulirudia. Nilipiga hatua moja mbele, akanipita tena, upepo wa basi ukanivua kofia. Mara ya tatu Mme Mamokete alimwambia asimame, akashuka, akanijia.

"Hakukuona," aliniambia.

"Labda alikuwa na mazungumzo."

"Kabi, hakukuona."

Kesho yake alimpeleka mwenyewe kwa daktari wa macho. Ilikuwa presha ya macho. Mbele aliona sawasawa. Kushoto kulikuwa kumefifia kidogokidogo kwa miaka, bila maumivu, bila yeye kujua ni kiasi gani kimekwenda. Daktari alisema dawa ingeulinda uoni uliobaki, ila kuendesha basi la abiria kusingewezekana tena.

Ntate Sefako ameniruhusu kuandika haya yote, kwa sharti kwamba nieleze wazi kuwa maishani mwake hajawahi kumgonga mtu. Nimeeleza.

Nje ya kliniki aliketi kwenye gari la Mme Mamokete na hakutaka mlango ufungwe.

"Nikuombe kitu, dada yangu," alisema. "Niandike nimeshindwa ukipenda. Lakini usiwaambie ni macho. Wale vijana nimewalea. Wakijua mzee wao ni kipofu, nitakaa wapi?"

"Si kipofu."

"Kwao itakuwa hivyo hivyo."

Mme Mamokete alimwahidi. Naye akamtaka aahidi kwamba kombi yake pia ataiegesha. Ntate Sefako aliitikia kwa kichwa.

Jina lake lilipokosekana kati ya waliofaulu, mambo yakaharibika upesi. Alikuja Baba Mvelase, mwenyekiti wa wenye kombi, mtu mnene, mpole wa sauti, ambaye upole wake ulinitisha zaidi.

"Mama, kuna makosa mahali," alisema. "Sefako ndiye aliyewafundisha hawa wote. Yeye ameshindwa, wao wamefaulu. Inawezekanaje?"

"Ameshindwa, Baba Mvelase."

"Kwa sababu gani?"

"Hilo muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza. Anasema nikuulize wewe." Alisimama, akavaa kofia yake. "Sefako akitoka, wote wanatoka. Na hiyo njia tutaona nani ataipita."

Kabla ya uzinduzi zilikuwa zimebaki wiki mbili. Mkurugenzi wa wakati huo alimwita Mme Mamokete, akamsihi. Amsainie Ntate Sefako aendeshe mchana tu, siku za mwanzo, mpaka wageni waondoke. Baadaye wangetafuta njia ya kumshusha polepole. Mme Mamokete alisema hawezi. Aliulizwa kama anaelewa kwamba Thabaneng, kwao, watakosa basi kwa sababu yake. Alisema anaelewa. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alipotoka alirudi uwanjani, akaanza kupanga koni za kesho.

Madereva wote ishirini na saba waliobaki waliacha kuja. Mtaani habari ikaenea kwamba mama wa mabasi amemchafua mzee wa watu kwa chuki. Dukani walimpa kisogo. Kanisani mwanamke aliyekuwa akiimba naye kwaya aliondoka kwenye kiti cha karibu yake. Kombi nyeupe ilianza kuegeshwa mbele ya lango lake kuanzia jioni, injini inanguruma, hakuna anayeshuka. Binti yake alimwomba ahamie kwake Vereeniging. Alikataa, lakini alianza kulala na viatu karibu na kitanda.

Neno moja lingeyamaliza yote. Angesema tu "macho", na wale vijana wangemwomba radhi. Nilimwambia hivyo, si mara moja. Nilimwambia kwamba ahadi kwa mtu mmoja haiwezi kuzidi usalama wake mwenyewe na basi la mji mzima.

"Saini ni ya watu wote, na siitoi," alinijibu. "Macho ni yake. Kuyatangaza si kazi yangu."

Kila asubuhi alifungua lango la uwanja kama kawaida, akaketi ndani ya basi tupu na kusubiri. Nilikaa naye. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilitufanya tugeuke.

Kumbe Ntate Sefako hakuwa ameiegesha kombi yake. Nyumbani palihitaji unga, na mkewe naye hakujua lolote. Siku moja, karibu na soko la Thabaneng, alisikia kishindo upande wa kushoto. Aliposhuka alikuta kitoroli cha muuza magwinya kimepinduka, unga na mafuta vimetapakaa lamini. Mwanamke mwenye kitoroli alikuwa amesimama kando, mzima, mkono ungali umenyooka pale ulipokuwa umeshika mpini.

"Ulikuwa unanitazama, ntate," alimwambia, kwa mshangao kuliko hasira. "Ulikuwa unanitazama kabisa."

Ntate Sefako alimsaidia kuokota vitu vyake. Kisha akampa kijana wake ufunguo wa kombi, akarudi nyumbani kwa miguu.

Kesho yake tuliona watu wakija uwanjani kwa kundi. Nilimwomba Mme Mamokete tufunge lango. Alilifungua zaidi. Mbele alikuwa Ntate Sefako, nyuma yake Baba Mvelase na vijana wote, nyuso zimekunjwa. Ntate Sefako hakumsalimia mtu. Alipanda basi, akaketi kwenye usukani, injini imezimwa, akatazama mbele.

"Mvelase," aliita. "Nenda ukasimame kushoto, pale mwisho wa basi. Halafu uje mbele polepole, na uniulize kama nakuona."

Baba Mvelase alidhani ni mzaha, akaenda akitabasamu.

"Haya, nipo. Unaniona?"

"Sikuoni."

Akapiga hatua. "Sasa?"

"Sikuoni."

Alifika usawa wa mlango wa mbele. Tabasamu lilikuwa limemtoka. "Sefako, nipo hapa. Naweza kukushika."

"Nasikia sauti yako, bwana. Sikuoni."

Baba Mvelase aliendelea kutembea, sasa bila kuuliza, mpaka akawa mbele kabisa ya kioo, na hapo Ntate Sefako akasema, "Sasa nakuona. Na ningekuwa nimeshakugonga." Akawageukia vijana. "Mama huyu amejua tangu mwanzo. Nilimwomba anyamaze, akanyamaza, nanyi mkaenda kuegesha kombi langoni kwake. Mmoja wenu aniambie ni nani, nimwone akiwa mbele yangu."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliotoka kwenye hofu. Mmoja hakucheka. Alimwendea Mme Mamokete, akavua kofia, na alichomwambia hakikutufikia. Nilimwona tu Mme Mamokete akiitikia kwa kichwa, kisha akimwelekeza kwenye basi.

Mafunzo yalianza upya siku hiyo hiyo. Uzinduzi ulicheleweshwa kidogo, na basi la kwanza liliingia Thabaneng na abiria waliojaa hadi mlangoni. Mme Mamokete alisimama nyuma ya dereva njia nzima. Wanawake sokoni walipiga vigelegele. Yeye alikuwa akitazama miguu ya watoto kandokando ya barabara. Ntate Sefako aliajiriwa msimamizi wa kituo cha mwisho. Anatia dawa yake ya macho, anapanga foleni kwa matani, na madereva wanamwogopa kuliko mkaguzi yeyote.

Nisidanganye kwamba kila kitu ni shwari. Mara mbili tumepigwa mawe vioo, na Thabaneng ya Juu ina wenye kombi wake, ambao Baba Mvelase si mwenyekiti wao. Madereva ninaowafundisha sasa ni wazuri, na kila mmoja nimempima macho mara ya pili, mimi mwenyewe nikiwa nimesimama kushoto. Bado sijui kama inatosha. Nilipomwambia hivyo Mme Mamokete wiki iliyopita, nilitarajia anitulize. Alisema tu, "Vizuri," akaendelea kufunga vikombe vyake kwenye magazeti.

Mme Mamokete, wafanyakazi wenzako, madereva uliowafaulisha na wale uliowakatalia, tunakushukuru. Mungu akupe afya, akupe asubuhi za kuamka jua limeshatoka, na wajukuu wanaosikia wakiambiwa. Basi la Thabaneng sasa ni lako kama abiria. Ukilipanda, tafuta kiti cha dirishani, uketi, utazame nje kama watu wengine. Kumtazama dereva tuachie sisi.