Tatu Bitiruti na Glasi Aliyoikataa

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, dukani, au umekwama kwenye foleni pale Buguruni, ongeza sauti kidogo. Leo tunamkumbuka Bi Tatu binti Seifu, muuza juisi wa Kariakoo. Ametutoka Alhamisi iliyopita, nyumbani kwake, usingizini. Najua wengi jina hilo hamlijui. Ila ukisema Tatu Bitiruti, hapo kuli yeyote wa sokoni anakupeleka mpaka mlangoni.

Banda lake lilikuwa nyuma ya soko, jirani na maduka ya viungo. Meza, blenda, chujio, na mikono myekundu mpaka viwikoni. Asiyemjua angeita polisi. Juisi yake ilikuwa bitiruti, karoti, tangawizi na ndimu. Sukari hakuna. Ukiomba sukari anakwambia, "Mwanangu, sukari iko duka la pili, nenda ukailambe huko."

Juu ya banda paliandikwa: JUISI YA KUSAFISHA INI. Na Bi Tatu alikiamini kibao chake, tena sana.

Mteja wake mkubwa alikuwa Girish, muuza manjano wa duka la jirani. Kila asubuhi, kabla hajafungua duka, Girish anakunywa glasi moja. Alikuwa akisema bajia za jana zinaoshwa leo.

Basi mwaka mmoja Girish akaanza kuwa wa njano. Sasa wasikilizaji, muuza manjano akiwa wa njano, nani ashangae? Shati la njano, kucha za njano. Makuli wakawa wanamtania, "Bosi, umepakwa singo wewe. Harusi lini?" Anacheka nao. Mkojo nao ukawa mweusi kama chai ya rangi. Akasema hiyo ni bitiruti ya Mama Badria. Badria ni binti wa Bi Tatu. Tumbo likaanza kumuuma upande wa kulia, chini ya mbavu. Akaongeza glasi ya pili.

Asubuhi moja akaja kuomba ya tatu. Bi Tatu alishaanza kumimina, akamtupia jicho. Girish ametoka kuoga. Shati jipya, mikono safi, manjano hajayagusa bado. Na bado ni wa njano. Hata ule weupe wa macho ulikuwa wa njano.

"Girish, siku hizi manjano unayatia na machoni?"

"Mama Badria, acha utani, nimechelewa. Nimiminie."

"Sikumiminii. Twende hospitali."

"Hospitali kufanya nini? Si nakunywa yako? Umeandika mwenyewe hapo juu inasafisha ini."

Foleni nzima ikasogea karibu. Wasikilizaji wapendwa, hebu jiwekeni pale. Wateja wote wanamsikiliza. Akimmiminia, jina lake limebaki salama. Akikataa, anakiangusha kibao chake mwenyewe. Na mtu anayemwamini yeye kuliko daktari amesimama mbele yake, anaumwa.

Badria anakumbuka: "Mama aliirudisha ile juisi kwenye jagi. Akasema kwa sauti, tusikie wote, 'Juisi yangu haijamponya mtu ini. Ni chakula kizuri, basi. Wewe imekufichia ugonjwa, na mimi ndiye niliyekunywesha.' Nikamvuta kanga, nikamwambia, mama, unajifukuzia wateja. Akanijibu, 'Menya karoti. Mimi niko Upanga, hospitali.'"

Wakapanda bajaji. Mmoja mikono myekundu, mwingine wa njano. Nesi ikabidi aulize mgonjwa ni yupi.

Lilikuwa jiwe, limeziba njia ya nyongo. Jiwe, wasikilizaji, na jiwe haliyeyuki kwa bitiruti. Girish akafanyiwa upasuaji, akapona. Daktari akawaeleza kwamba ini linajisafisha lenyewe. Sisi tulisaidie tu: mboga, matunda, maji, pombe na mafuta tupunguze, tupime homa ya ini, tuchanjwe. Na mitishamba tusiyoijua tusiimeze, maana ipo inayoliumiza ini hilo hilo.

Bi Tatu aliporudi alikifuta kibao. Akaandika JUISI YA BITIRUTI, nukta. Banda likapoa. Watu wakahamia kwa wenye chupa za kusafisha kila kitu, hadi nuksi. Hakurudisha hata neno moja kwenye kibao. Polepole wakaanza kurejea, safari hii na maswali. Wa kumiminiwa anamiminiwa, wa hospitali anafukuzwa aende, hata kama glasi iko mkononi.

"Zamani nilijivunia juisi," alimwambia Badria. "Sasa najivunia mdomo wangu."

Msibani, Girish alikaa jamvini na wanaume tangu asubuhi. Watu walipomuuliza habari za marehemu, alijibu kwa ufupi: "Wajukuu zangu wote wamezaliwa baada ya siku ile."

Badria, pole sana. Poleni wajukuu, pole Girish, poleni wana Kariakoo. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu.

Na wewe unayeahirisha kupima kwa sababu unakunywa kitu cha asili, tafakari kidogo. Kinywe, kama ni kitamu. Halafu nenda ukapime, leo. Bi Tatu angekwambia hivyo hivyo, tena mbele za watu.